Usimtangulie mgonjwa

Bugarika, Mwanza
Jumapili jioni

Maduhu mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema umeshakwenda kwa yule mama wa Mikocheni, mtabibu wa mazungumzo, mara saba, kila Alhamisi saa kumi na moja, na kila ukitoka unakuwa mzito kuliko ulivyoingia. Yeye hasemi kitu, anakutazama tu. Unaniuliza, kwa kuwa nilikaa wodi za akili miaka 31, utarajie nini, na utajuaje kama tiba hiyo inafanya kazi.

Kazi yake na yangu ni ndugu wasiosalimiana. Tulipokuwa masomoni Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, Freud tulifundishwa mchana mmoja. Tukaandika kwamba alikuwa daktari wa Vienna, alimlaza mgonjwa kwenye kochi, yeye akakaa nyuma asionekane. Tukacheka, kesho yake tukarudi kwenye sindano. Zamu ya usiku mlikuwa wawili kwa wagonjwa hamsini, kochi la nani? Baadaye ukaja unasihi wa kliniki, dakika kumi, unaambiwa la kufanya na tarehe ya kurudi. Nadhani ndicho ulichokitarajia: uende na tatizo, urudi na jibu.

Huyu hatakupa jibu. Tiba ya kina inachimba lile usilolijua kuwa unalijua, na halichimbwi kwa maagizo. Dakika zake ni 50, na zikiisha zimeisha hata kama machozi yako yapo shavuni. Utaona ni ukatili. Lakini saa isiyobadilika, kiti kilekile na mlango uleule ndiyo kuta za nyumba. Mtu hawezi kuvua nguo kwenye nyumba isiyo na kuta. Siku usipokwenda utalipa, hilo umelilalamikia mstari mzima. Sikiliza: yule hana mshahara wa serikali, na ile saa alikuwekea wewe, hakumpa mwingine. Hata hivyo elfu themanini za kiti kitupu... Haya, tuache.

Atakuuliza ndoto zako. Usione ni uganga. Jung, yule Mswisi aliyekuwa mwanafunzi wa Freud kisha wakakosana, mwaka 1925 alikuja hadi mlima Elgon, huko kaskazini ya ziwa letu, akawa anawauliza wazee wanaota nini. Mganga mmoja akamjibu kwa machozi kwamba tangu Wazungu waje hawaoti tena, kwa sababu sasa Mwingereza ndiye anayejua kila kitu. Jung aliondoka na huzuni. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilisema, huyu mzee amemwona mgeni na daftari lake, akafunga mlango kwa adabu. Sikumlaumu. Wewe pia utamfungia yule mama mlango kwa adabu, mara nyingi tu, na kazi yake ni kuona kwamba umefunga.

Na itafika wiki utamchukia. Utamwona ana haraka, au anakudharau, au amekuchoka, na kumbe hajafanya lolote. Hapo usikimbie, mweleze hivyohivyo. Wao wanasema mtu humhamishia mtabibu hasira za watu wa zamani. Nadhani hapo ndipo zamu yangu itakapofika, na ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu badala ya kukupigia simu.

Unaujua wimbo wangu, umeukulia: usimtangulie mgonjwa. Vijana waliokuja mafunzoni niliwachosha nao. Mgonjwa akisema "naogopa", usimwambie unaogopa giza. Ngoja. Ukimtangulia atakufuata wewe, na lake litabaki palepale alipoliacha.

Sasa nikwambie nilivyomtangulia mtu.

Jumanne ile, Mei 21, 1996, ulikuwa na miaka sita. Mjomba Rwegasira alikuwa aje na MV Bukoba, meli iliyozama siku ile, na wewe ulishaniambia mara kumi kwamba atakuletea kahawa za kutafuna, zako peke yako, si za mama. Sisi wauguzi tuliitwa kuwapokea watu uwanja wa Nyamagana, maana miili ndiko ilikopelekwa, na ndugu walikuwa wanazunguka kati ya mistari wakitafuta wao. Nilikaa siku nne. Kazi yangu ilikuwa kushika watu mikono. Sikumtangulia hata mmoja, Maduhu, nakuapia. Mama mmoja alisimama kwa mtoto wake karibu saa nzima kabla hajasema "ndiye", nami nikasimama naye.

Nilirudi nyumbani usiku wa siku ya nne. Ulikuwa macho. Ulikuwa hujauliza kitu, mdomo ndio kwanza unafunguka, nikakuwahi: "Mjomba amekwenda Uganda, kuna kazi." Uganda! Sijui niliitoa wapi. Mama yako alikuwa mlangoni, akanitazama, akaingia ndani. Kaka yake yule, na mimi nimempeleka Uganda.

Ukaanza kupanda lile jiwe kubwa nyuma ya choo, ambapo ziwa linaonekana kipande. Kila jioni. Nilikuwa nakuona nikitoka zamu. Nilijua unahesabu meli. Ulipanda Juni, ukapanda Julai, hadi siku mtoto wa shule alipokwambia. Ukarudi, ukanawa, ukala ugali na sato hadi mwisho, hukulia, hukuuliza, na jiwe hukulipanda tena. Mimi, muuguzi wa akili, nilifurahi. Nikamwambia mama yako, mtoto huyu ni mtulivu.

Najitetea hivi: ulikuwa mdogo, na miili ya Nyamagana haisimuliwi kwa mtoto wa miaka sita. Lakini nani alisema nisimulie miili? Ningesema "amekufa, mwanangu" na kunyamaza. Maneno mawili. Tena enzi zile nani aliwaambia watoto ukweli? Baba yangu asingeniambia. Ndiyo, lakini baba yangu hakuwa na cheti cha Mirembe ukutani.

Jambo moja la meli ile halijanitoka. Ilipopinduka, tumbo lake lilielea juu, na waliokaribia walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Wakatoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imewashikilia ikatoka kwenye tundu lile, na meli ikazama nao. Aliyetoboa hakuwa na nia mbaya. Alisikia mtu anagonga, nani angekaa kimya? Ninapokusoma ukimlaumu yule mama kwa ukimya wake, ndicho ninachokiona. Huenda anakusikia unavyogonga vizuri kabisa, na anatafuta pa kupitia bila kupoteza hewa. Au huenda ni mvivu na anakula pesa zako. Nimewaona wa aina zote mbili.

Kwa hiyo muulize, una haki hiyo: alisomea wapi, yeye mwenyewe amewahi kukaa kiti cha mgonjwa, na nani mkubwa wake anayempelekea kesi zikimshinda. Mwenye kazi yake atakujibu bila kukasirika. Muulize pia siri zako zinaishia wapi. Atakwambia haitoki kitu isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Na uzito ule kaa nao, mara saba ni kama kubisha hodi tu. Watu huenda miezi, wengine miaka. Lakini ukianza kukosa usingizi siku tatu mfululizo, au kuwaza kujidhuru, usisubiri Alhamisi. Nenda hospitali siku hiyohiyo unipigie. Kidonge na mazungumzo havigombani, nitakuja na basi la usiku.

Uliniuliza pia uendelee au uache. Nina jibu, liko hapa kwenye ulimi, na ungekuwa karibu ungeliona usoni mwangu. Silisemi. Kuhusu mjomba mweleze unavyokumbuka wewe, si nilivyoandika mimi. Nikikosea mahali, lako ndilo sahihi humo chumbani.

Nilipokuwa naandika, mama yako alikuja akasimama nyuma yangu, sijui alisoma hadi wapi. Kifurushi cha dagaa utakipokea Ubungo Jumanne. Nimekifungua kuweka barua, nikakuta ameweka kahawa za kutafuna, zimefungwa kwenye jani la mgomba. Sikumuuliza.

Baba yako