Baiskeli kwenye miyombo ya Tabora: jua udongo kwa kuangalia miti

Wengi wanaoanza kuendesha baiskeli kwa mazoezi hapa Tabora huanzia kwenye lami, kwa sababu inaonekana rahisi. Mimi nawaambia waiache. Tangu barabara za Nzega, Urambo na Sikonge ziwekwe lami, mabasi na malori yanakimbia, na kila honi ikilia mwenye baiskeli ndiye anayeshuka kwenye majani. Lakini lami hiyohiyo imetutendea jambo jema: imeyaondoa magari kwenye njia za zamani za vumbi. Njia za mikokoteni, za warina asali na za wachunga ng'ombe, pamoja na zile za moramu zinazotoka kijiji hadi kijiji, zimebaki karibu tupu. Asubuhi nzima unaweza kukutana na baiskeli zilizobeba mkaa, pikipiki moja au mbili na kundi la ng'ombe, basi.

Nchi yetu iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ni tambarare. Hakuna mlima wa kukutoa roho. Kinachomchosha mtu ni udongo. Kwa hiyo kabla ya safari usiulize tu ni kilomita ngapi, uliza ni udongo gani, na udongo unaujua kwa miti inayoota juu yake.

Ukiona umezungukwa na miyombo, mininga na mikurungu, uko kwenye mwinuko, hata kama macho hayauoni mwinuko wenyewe. Chini ni mchanga au changarawe nyekundu, na maji hayatuami. Jambo jingine ambalo wageni hawalitarajii: miti mikubwa ya miyombo kwa sehemu kubwa haina miiba, kwa hiyo ndani ya msitu pancha ni chache. Kisha utaona miti inapungua, nyasi zinafunguka, migunga inaanza. Hapo unateremka mbugani. Udongo ni mweusi, wa mfinyanzi, na miiba imeshamwagika njiani. Kwenye mashamba yaliyoachwa nako kuna mbigili. Nikiuona mgunga wa kwanza mbele yangu, naanza kutazama chini.

Mbuga wakati wa kiangazi ni ngumu, ina nyufa za kumeza tairi jembamba, lakini inapitika. Wakati wa mvua usijaribu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na mvua moja nzuri inatosha kuigeuza mbuga kuwa gundi. Udongo unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na hata kuisukuma baiskeli huwezi, unaibeba. Kama ni lazima upite kipindi hicho, ng'oa madigadi nyumbani na uwe na kijiti kigumu cha kukwangulia. Miezi hiyo chagua njia inayobaki juu, kwenye miyombo, hata kama inazunguka.

Mchanga una mambo yake. Kwanza upepo wa tairi. Kwenye lami tunazoea kujaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe. Kwenye mchanga punguza mpaka ukibonyeza kwa dole gumba liingie kidogo. Usizidishe, maana mizizi ya miyombo huvuka njia, na tairi likiwa laini sana rimu itagonga. Tairi pana ni bora kuliko fremu ya bei mbaya. Mwenye hela kidogo aziweke kwenye tairi. Pili, weka gia nyepesi kabla hujaingia kwenye mchanga, si ukiwa katikati. Sogea nyuma kidogo kwenye kiti, legeza mikono, tazama mbali, kanyaga mfululizo. Baiskeli itacheza chini yako, iache icheze. Anayeukaba usukani na kushika breki ya mbele ndiye anayelala chini.

Halafu watazame wenzetu wanaobeba mkaa na mahindi. Hawapiti katikati ya barabara. Pembeni utakuta kijia chembamba, upana wa kiganja, kigumu, kinachohama: mara kushoto, mara kulia, mara kinaingia chini ya miti ambako mizizi na majani makavu yameshika mchanga. Kijia hicho kimechaguliwa na watu wenye gunia mbili kwenye keria, baiskeli isiyo na gia. Ukikipoteza, simama ukitafute. Hakuna ramani ya simu itakayokuonyesha. Na ukikutana na mwenye mzigo, wewe ndiye unayempisha, umsalimie. Akishasimama na gunia hizo kuondoka tena ni kazi.

Kwa msimu, Mei na Juni ni miezi mizuri kuliko yote. Mvua zimekata, mchanga bado umeshikana, asubuhi kuna baridi ya kupendeza. Kufikia Septemba mikokoteni na kwato za ng'ombe zimeuvuruga mchanga, jua ni kali, na sehemu nyingi zimechomwa moto. Hata hivyo napenda kutoka mwishoni mwa Septemba na Oktoba, kwa sababu miyombo haingoji mvua. Inachipua kabla, na majani yake mapya hayatoki kijani: yanatoka mekundu, ya rangi ya shaba, mengine ya waridi, msitu mzima, juu ya ardhi iliyoungua. Ukienda wakati huo, anza alfajiri na uwe umerudi kabla ya saa tano. Maji lita nne kwa mtu mmoja si mengi.

Anayeanza nampeleka Kwihara, nje kidogo ya mji upande wa kusini magharibi. Ni safari fupi, na kuna pa kupumzika: tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, akisubiri wapagazi mpaka Agosti, baada ya Stanley kurudi pwani. Siku hizi ni makumbusho. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na upande wa pili mpaka Ujiji, mizigo kichwani na begani. Mwendesha baiskeli wa Tabora anapaswa kulijua hilo. Ukishazoea, ingia kwenye njia za mbele ya Kwihara, au nenda kaskazini, bwawa la Igombe. Bwawani pumzika, lakini usioge: maji yaliyotuama yana hatari ya kichocho.

Kuuliza njia kuna namna yake. Ukiuliza "ni mbali?" utajibiwa "hapo tu", na hapo tu inaweza kuwa mwendo wa saa tatu. Uliza kama baiskeli inapita, na katikati kuna nini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unaelekea wapi na jua hili?"

"Natafuta njia ya kutokea barabara ya Sikonge. Baiskeli inapita?"

"Inapita. Ila ukifika mbugani shuka, kamata mkono wa kushoto, fuata walikopita ng'ombe."

Maelekezo kama hayo yana thamani kuliko mstari wowote kwenye simu, ambayo huko ndani mara nyingi haina hata mtandao. Mwambie pia aliyekuelekeza unatarajia kutokea wapi, ajue.

Mbung'o, ambao wengi tunawaita ndorobo, wanastahili kuzungumzwa kwa uzito. Wanafuata kinachotembea, na wanavutwa na bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa fikiria jezi ya baiskeli: nyeusi, nyembamba, imebana mwili. Mbung'o anadunga juu ya kitambaa hicho bila shida. Vaa shati la kaki la mikono mirefu, lenye kitambaa kizito, lililolegea. Wanaleta ugonjwa wa malale, hasa magharibi ya mkoa kuelekea Urambo na Kaliua. Ukipata homa baada ya safari za porini, au kidonda mahali ulipoumwa, usiishie kupima malaria. Mwambie daktari ulikuwa msituni na uliumwa na mbung'o, ili damu itazamwe kwa ajili hiyo.

Nyuki nao. Tabora ni mkoa wa asali, na mizinga imetundikwa mitini kila upande. Kabla hujakaa chini ya mti, tazama juu. Usijipulizie manukato. Wakikuvamia usipunge mikono, panda baiskeli ukimbie, na usisimame mpaka wakuache. Mizinga usiiguse, hata kwa kupiga picha ya karibu. Mwenyewe yuko, na ana haki ya kukuhisi mwizi.

Misitu mingi ni hifadhi chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo kabla ya kuingia ndani pita ofisi zao mjini uulize kibali, na ukipita kijijini ripoti kwa mwenyekiti. Inachukua dakika chache na inakuondolea maswali. Kusini magharibi usivuke kuelekea Mto Ugalla kwa baiskeli: huko ni hifadhi ya taifa tangu 2019, na kuna simba.

Vifaa nunua mjini kabla ya kutoka. Karibu kila kijiji kina fundi, na ni mafundi hodari, wanakaza spoki kwa kusikiliza mlio wake. Lakini vipuri vyao ni vya baiskeli kubwa za inchi 28, zile za kubebea mizigo. Tyubu ya baiskeli yako ya gia hutaipata. Beba mbili, viraka, gundi, pampu na kiungo cha akiba cha mnyororo.