Kwa aliyeuliza kuhusu kuacha kubeti

Ndugu yangu wa Umoja, Nairobi, unauliza kwa nini kila Januari unaapa kuacha kubeti na kuweka akiba, na ikifika Machi umerudi palepale. Nimekwama kwenye sentensi yako moja: "Sisi kwetu pesa haikai." Hiyo ni imani, na kila mshahara ukiingia unaitii.

Chunguza ilikotoka. Huenda ni ya mzee aliyeishi kwa kibarua cha siku, asibakize kitu. Kwake ilikuwa kweli. Kwako wewe unayelipwa kila mwezi, je?

Usiape tena. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba kinachomjenga mtu zaidi aamini anaweza ni kutenda mwenyewe na kufaulu, kuliko maneno ya kutiwa moyo. Basi weka akiba ya shilingi 50 kila jioni, ukiwa bado ndani ya matatu. Jiunge na chama cha akiba pia. Wenzako wakizoea kukuona unachanga, nawe utaanza kujiona mtu wa kuchanga.

Lakini ikiwa unakopa ili ubeti, hiyo ni dalili ya uraibu, tafadhali usipambane peke yako. Hospitali ya Mathari, Thika Road, inawahudumia waraibu. Nenda wiki hii.