Mkifika Fa, Acheni Kusukuma

Wadogo zangu mliojiunga na kwaya kwa ajili ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, nimewasikiliza mazoezini na kosa ni lilelile la kila kundi jipya. Tukiwa ufunguo wa C mnapanda vizuri, do, re, mi. Mkigusa fa shingo inakakamaa, kidevu kinaelekea darini, sauti inakatika. Halafu mnamlilia mpiga kinanda ashushe wimbo. Wimbo hauna kosa.

1. Jueni kinachotokea kooni. Noti za chini, nyuzi za sauti ni fupi na nene. Za juu, zinavutwa zikawa nyembamba. Do ya katikati zinatetema kama mara 262 kwa sekunde, la iliyo juu yake mara 440. Ukiubeba unene wa do mpaka la, lazima kitu kikatike. Kwa hiyo punguza nguvu mapema, tangu re. Wanawake wengi, soprano (sauti ya juu) na alto (ya chini), hubadilishia sauti hapo kwenye mi na fa; huo ndio mpito. Wanaume wa tena (sauti ya juu) huanzia karibu na re hiyohiyo, wa besi (ya chini) chini kidogo, basi msiigane.

2. Msipende sifa za nguvu. Tulikuwa na dada mmoja wa alto, kifua chake kilijaza kanisa bila maikrofoni, na kila mtu alimsifia. Tukaenda Namugongo, Uganda, kwenye hija ya Mashahidi. Pale ni uwanjani, hakuna ukuta wa kukurudishia sauti, hujisikii, nawe unazidi kusukuma. Yeye alisukuma tangu wimbo wa mwanzo. Kufika Utukufu, kila fa ilitoka na mkwaruzo. Kufika Komunyo alikuwa anafungua mdomo tu. Siku zilizofuata alinunua mboga sokoni kwa ishara. Iliniuma sana, kwa sababu sauti ile haikuwa na kasoro yoyote.

Alipopona tulianza upya, tukitokea juu. Aliimba “ng’” ya ng’ombe, taratibu, kutoka so kushuka hadi do, kidole gumba kikiwa chini ya kidevu. Nyama ya hapo ikiwa ngumu, ulimi unasukuma. Anasimama, anapumua, anarudia. Ukishuka, ule wembamba wa juu unakuja nao chini, na mpito unapita bila kishindo. Ilichukua muda, na jirani zake walilalamika kwamba hawamsikii. Niliwaambia wavumilie. Leo anashika mstari wa alto mpaka la, anaongea kawaida baada ya Misa.

3. “A” ya Aleluya ikifika fa, ibaneni kidogo ielekee “o”.

4. Kutetemesha midomo kila asubuhi, kabla ya chai.

5. Mwenye mafua asiimbe. Aje asikilize, afuate solfa, yaani zile do, re, mi zilizoandikwa, kwa macho.

Jumamosi tunaanza na “ng’”, so kushuka do, kisha tunapandisha ufunguo nusu toni nusu toni. Wa tena na wa besi mtakuwa na zamu yenu. Nitapita kwa kila mmoja kuangalia kidevu.