Michoro yangu inasifiwa ila fundi haielewi!

SWALI: Nabuni nguo za igizo lenye wahusika 12, dairekta anataka michoro ya rangi. Kuchora najua, ila wahusika wangu wote wanatoka kama mamodo, warefu wembamba, halafu fundi akiupata mchoro maswali hayaishi, mara zipu iko wapi, mara hii ni sketi au suruali. Nakosea wapi jamani? – Mwenye Penseli

JIBU: Mwenye Penseli, unachora fasheni wewe, na igizo ni kitu kingine kabisa. Mtu wa fasheni huchorwa urefu wa vichwa 9 au zaidi, yaani kichwa chake kinaingia mara 9 kutoka utosini hadi miguuni, binadamu wa kawaida ni 7 na nusu hivi, sasa gauni limependeza kwenye karatasi likija kuvaliwa na mwigizaji mfupi mwenye kitambi hakuna atakayelitambua na lawama zote kwa fundi. Omba vipimo na picha za waigizaji, mchore huyohuyo atakayevaa.

Halafu mkao. Tajiri mwenye dharau hasimami kama mtumishi wake, kwa hiyo anza na mgongo, mabega na mikono, dairekta amjue mhusika hata kabla hujamvalisha. Angalia michoro ya Léon Bakst aliyobuni mavazi ya Ballets Russes, kundi la dansi ya baleti la Warusi, miaka ya 1910 hivi, miili inajipinda na vitambaa vinaruka, ila wewe chukua ule mwendo tu, madoido muachie mwenyewe.

Fundi naye ana haki yake. Mchoree mgongo wa nguo pembeni, kamchoro kadogo ka penseli kanatosha, bana na kipande cha kitambaa chenyewe. Na kama mwigizaji anabadili nguo chapchap nyuma ya pazia basi shati lifungwe kwa velkro, ule utepe wa kunasa na kubanduka, vifungo vishonewe juu kama pambo, hilo mchoro hausemi wenyewe, liandike! Ile sketi inayofanana na suruali nina uhakika ni vivuli vyako vyeusi vya kisanii vimemeza mshono, punguza.

Rangi ya maji ipake kwenye karatasi nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba, nyepesi itajikunja. Ila usipake chochote mpaka dairekta akubali penseli, maana hawa watu hubadili mawazo. Na muulize mtu wa taa anatumia rangi gani, kijani chini ya taa nyekundu hugeuka karibu nyeusi, ujue hilo kabla kitambaa hakijanunuliwa.