Madoa meupe baada ya povu

Mkuu, umeuliza kwa nini gari lako linabaki na madoa meupe ukiliosha kwa pampu ya povu, na umesema unaosha saa saba mchana. Tatizo ni hilo jua. Bati likiwa la moto, povu hukauka kabla hujashika mpira wa maji.

Osha asubuhi, kivulini. Mwagia maji kwanza vumbi lilegee, ndipo upulize povu. Ngoja dakika 3 hadi 5: utaona povu linateremka mlangoni limekuwa rangi ya udongo. Hapo hapo suuza, kisha ufute kwa kitambaa laini.

Tafadhali, sabuni ya unga achana nayo kabisa, tumia shampuu ya gari. Rimu zitengee kitambaa chake, vumbi la breki linakwaruza rangi.