Kiwanja cha uzeeni Tanga: maswali yenu ya wiki hii

Naona hii likizo ya Desemba imewachanganya watu. Mmekuja Tanga, mmekula samaki wa kupaka, mmeendesha baiskeli mpaka Raskazone, upepo umewapiga, sasa kila mtu anataka kiwanja, awe anakuja kupumzika kwanza halafu akistaafu ahamie kabisa. Karibuni, mji una nafasi, ila tujibizane kwanza kabla hela haijatoka.

Mimi ni mwalimu Dodoma, nina miaka 53. Nimetumiwa picha za kiwanja Mwahako kwa Watsapu, muuzaji ana karatasi ya serikali ya mtaa yenye muhuri na dalali anasema nikituma nusu wiki hii wananishikia. Nitume?

Usitume. Shikamoo mwalimu, samahani jibu limetangulia salamu.

Ile karatasi ya mtaa inasema tu kwamba fulani na fulani waliuziana mbele ya mwenyekiti, haisemi ardhi ni ya nani. Kama eneo limepimwa omba namba ya kiwanja na ya kitalu, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, wenyewe mjini wanaita sachi, utaambiwa jina lililosajiliwa ni la nani, kama kuna mkopo wa benki umekalia pale na kama mtu ameweka zuio. Kama halijapimwa hapo kazi ni ya miguu. Panda basi uje mwenyewe, siku ambayo dalali hana habari, upige hodi kwa majirani wa pande zote nne, uulize shamba la nani, kabla yake lilikuwa la nani, alifariki lini, aliacha watoto wangapi. Huku kwetu mashamba mengi ni ya urithi, minazi kapanda babu, mirathi haijafunguliwa mpaka leo, mjukuu mmoja kabanwa na shida anauza, na wenzake wako Mombasa na Unguja hawajui kitu. Watajua, usiwe na wasiwasi. Watajua siku unamwaga zege ya msingi.

Na muuzaji akiwa na mke, mke asaini, tena usiridhike na kuambiwa "mama kasafiri". Ikiwa ni ardhi ya kijiji ndiyo kabisa mwenyekiti hawezi kukugawia peke yake, kuna halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, hiyo ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Halafu picha ni za Desemba mwalimu. Njoo Aprili uone maji yanapopita.

Kuna kiwanja njia ya Pangani, unatoka mlangoni unakanyaga mchanga wa bahari, hata mita 20 hazifiki. Bei nzuri sana.

Bei nzuri kwa sababu hupati kibali cha kujenga pale, kaka. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni ziachwe, na bahari yenyewe inasogea, Pangani mjini si mmeona walivyojengewa ukuta kuizuia. Tafuta kiwanja cha nyuma, chenye njia ya wazi ya kushukia pwani. Upepo utakufuata hukohuko.

Nina miaka 48, mtumishi wa umma Mwanza. Kiwanja cha Pongwe tayari nina hati. Nijenge sasa kidogo kidogo au nisubiri mafao?

Kusubiri mafao siungi mkono, mkupuo wenyewe ni sehemu tu ya mafao, kinachobaki kinakuja kama pensheni ya mwezi mwezi, na kuanza ujenzi una miaka 60 wakati goti linauma ni mateso. Hati nayo huwa na masharti ya kuendeleza, nyingi zinasema ndani ya miezi 36, soma ya kwako, na kodi ya pango la ardhi lipa kila mwaka hata kama ni pori tupu.

Lakini nyumba kubwa sasa hivi pia usijenge. Yaani nyumba ya pwani isiyo na mtu inazeeka kuliko mwenye nyumba. Mimi ya kwangu niliezeka bati la geji 30 kwa kubana matumizi, mwaka wa nne kutu imeshakula kingo zote, na fundi niliyemwamini alikuwa anachota mchanga huko karibu na ufukweni kumbe una chumvi, nikaja kukuta nondo zimevimba na linta imepasuka katikati. Nilikuwa Dar, nikitumiwa picha nzuri nzuri kila Jumamosi. Mchwa sitaki hata kuwazungumzia.

Kwa hiyo fanya hivi, weka mipaka, panda miembe na minazi maana hiyo haingoji hela, chimba kisima uonje maji kama yana chumvi, jenga chumba kimoja na choo cha kufikia ukija likizo. Nyumba yenyewe anza ukifika 55 hivi, bati la alumini, mchanga wa mtoni, na uwepo mwenyewe siku za zege.

Nimemweka binamu yangu akae kwenye nyumba bure anitunzie. Watu wananitisha eti baada ya miaka 12 inakuwa yake.

Hiyo 12 ni kweli ipo, ni muda wa ukomo wa kudai ardhi mahakamani, lakini mtu uliyemkaribisha wewe mwenyewe anabaki mwalikwa na mahakama zetu zimeshasema hivyo mara nyingi. Shida ni ushahidi. Binamu akifariki watoto wake watajuaje kwamba baba alikaribishwa? Kaeni chini muandikishane, mashahidi wawili, mpe na posho kidogo maana bure nayo ina gharama yake, na risiti za kodi zikae kwako.

Niko Ujerumani kikazi, pasipoti bado ya Tanzania. Dada anataka tuandike jina lake ili iwe rahisi.

Rahisi kwa nani? Andika jina lako, yeye mpe hati ya uwakili kwa kazi hiyo tu. Ukifikiria kubadili uraia, muone wakili kabla hujabadili.

Mume wangu anastaafu mwakani, anataka tuuze nyumba ya Kimara tuhamie Tanga moja kwa moja. Mimi nina presha, kliniki yangu iko Dar, wajukuu wako Dar. Yeye anasema basi hata Bagamoyo.

Mama, hili ndilo swali nililolipenda. Bagamoyo ni kama kilomita 70, unaenda kliniki unarudi jioni, na wajukuu wanakuja Jumamosi. Tanga ni kama 350, hapo wajukuu ni Idi na likizo. Bombo ipo, ni hospitali ya rufaa ya mkoa, lakini daktari anayekujua ni kitu kingine.

Kimara msiuze. Ipangisheni, na kodi yake mpange nyumba ndogo huku, Chumbageni au Sahare, muanze Machi ili mle masika yote na matope yake. Baba akifika Juni bado anaamka alfajiri kwenda Deep Sea kununua samaki, na wewe umeshapata shoga wa kukaa naye barazani, nitafuteni, tutatembea viwanja pamoja. Akianza kuulizia basi la Dar kila Ijumaa, basi mmeokoa nyumba.