Tanueni mboni, wadogo zangu

Wadogo zangu mlioanza kliniki ya macho, nawaandikia kwa upendo na kwa haraka. Mafaili ya wagonjwa wa kisukari yanaendelea kurudi mezani yakiwa na mstari uleule: "6/6 macho yote mawili, retina safi, arudi baada ya mwaka." 6/6 ni uoni wa kawaida, na retina ni utando wa ndani nyuma ya jicho. Lakini matone ya kutanua mboni hayajaandikwa popote.

1. Chati ya Snellen, ile ya kusoma herufi, haipimi retina.

Foleni ni ndefu. Mgonjwa anasoma mstari wa chini bila kusita, na anakuomba usimwekee matone kwa kuwa yuko peke yake na safari ni ndefu. Unachungulia kwa ofthalmoskopu (tochi ya kuangalia ndani ya jicho) kwenye mboni ya milimita 2, unaona diski (kichwa cha neva ya jicho) yenye rangi nzuri na mishipa miwili mitatu, unaandika "safi". Hapo umeona kipande kidogo tu. Mishipa mipya ya kisukari huota kwenye diski na kandokando ya matao makubwa ya mishipa, na mara nyingi hukaa nje ya hicho kidirisha chako. Makula, kitovu cha retina, ikiwa haijavimba, mgonjwa atasoma 6/6 huku mishipa hiyo ikitambaa nyuma ya vitriasi, ule ute unaojaza jicho. Jicho haliumi, haliwashi, wala halina wekundu.

Kisha asubuhi moja anaona nyuzi nyeusi zinaelea kama utando wa buibui. Saa chache baadaye ni moshi mwekundu, na jioni anahesabu vidole. Kuta za mishipa hiyo ni dhaifu, vitriasi ikivuta zinapasuka. Damu ikishajaa ndani huoni retina wala huwezi kupiga leza vizuri. Ni kusubiri inyonywe au kumpeleka kwenye vitrektomi, upasuaji wa kuondoa vitriasi. Pakiota kovu, nalo likasinyaa, retina inabanduka. Mgonjwa anakaa mbele yako na kusema, "Lakini mwezi wa tatu mliniambia macho yangu ni mazima." Faili liko mezani na mwandiko ni wetu. Kosa hili ni letu sote wa kliniki hizi, na linauma kwa sababu tiba ilikuwepo. Tangu miaka ya 1970 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba leza ya kutawanya hupunguza upofu mkubwa kwa nusu au zaidi. Ni madoa ya leza yanayosambazwa kwenye retina, kama 1,200 hadi 1,600 kwa jicho, yakigawanywa kwa vipindi. Anayetoka Babati kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, kwa leza anahitaji nauli na siku kadhaa. Anayekwenda kwa vitrektomi anahitaji mengi zaidi, na jicho huenda lisirudi lilivyokuwa.

Kwa hiyo fuata mpangilio. Pima kila jicho peke yake, kwa miwani yake, kisha kwa kitobo (kibao chenye tundu dogo). Pima mwitikio wa mboni kwa tochi, ukihamisha mwanga jicho hadi jicho, KABLA ya matone, kwa sababu mboni ikishatanuka kipimo hicho kimepotea mpaka siku nyingine. Angalia chemba ya mbele (nafasi iliyo mbele ya mboni) isiwe finyu. Weka matone ya tropikamaidi 1% na fenilefrini 2.5%, si ile ya 10%, hasa kwa mwenye presha. Subiri dakika 20 hadi 30. Macho yetu yenye rangi iliyokoza hufunguka polepole, rudia tone badala ya kukata tamaa. Ndipo ukae kwenye sliti lampu (darubini ya macho) na lenzi ya dayopta 90. Siku ya kumpa miadi mwambie aje na mtu na asiendeshe pikipiki, maana ukungu utamkaa saa kadhaa.

2. Kisukari aina ya pili, retina iangaliwe anapogundulika. Aina ya kwanza, ndani ya miaka 5. Mjamzito mwenye kisukari, ndani ya miezi 3 ya kwanza, usimpange mwisho wa foleni.

3. Hidroksiklorokwini, dawa ya lupasi inayoweza kuumiza retina: mpime uzito.

Mwisho ni miligramu 5 kwa kilo kwa siku, kwa uzito halisi. Mama wa kilo 52 mwenye lupasi (kinga kushambulia mwili wake) anayemeza miligramu 400 kila siku amevuka sana, kiwango chake ni 260. Vidonge ni vya 200, basi siku 5 ameze kimoja na siku 2 viwili, wastani unakuwa kama 257. Figo mbovu huongeza hatari. Mpime mwanzoni ndani ya mwaka wa kwanza, kisha OCT (picha ya tabaka za retina) na uwanja wa kuona kila mwaka baada ya miaka 5, mapema zaidi kwa mwenye figo mbovu. Ukishaiona ile duara kama shabaha kwenye makula umechelewa, na uharibifu waweza kuendelea hata dawa ikisimama. Ila usiikate mwenyewe. Mpigie daktari wake, lupasi nayo inaua figo.

4. Ethambutoli, dawa ya TB, huumiza neva ya jicho, kwa hiyo mwanzoni diski inaweza kuonekana nzuri kabisa. Pima usomaji na rangi kwa vibao vya Ishihara kabla ya dawa kuanza. Mwenye figo zilizochoka sana hupewa mara 3 kwa wiki. Akisema rangi zimefifia, kliniki ya TB ijue siku hiyohiyo.

5. CD4 (seli za kinga, kwa mwenye VVU) chini ya 50: tanua hata kama halalamiki. CMV, virusi vinavyoharibu retina, mara nyingi huanzia pembezoni.

6. Macho yote mawili yamefifia ghafla, kwenye retina kuna damu kama miali ya moto, madoa meupe kama pamba, diski zimevimba? Pima presha kabla ya kuandika rufaa ya macho. Ukikuta 220/130, huyo ni wa wodini leo. Msimpasulie kidonge cha nifedipini chini ya ulimi. Presha ikiporomoka, ubongo na neva ya jicho hukosa damu. Ishushwe taratibu, isizidi robo katika saa za mwanzo. Na mashine ya presha ikae pale pale kwenye chati ya Snellen, isifungiwe chumba cha pili.